Kunyoosha Kisu Kilichopinda: Kazi ya Akili Kabla ya Nyundo

Katika kazi ya uhunzi hakuna dakika inayongojwa kwa wasiwasi kama ile ya kukitoa kisu katika mafuta baada ya kukitia matiko. Siku nzima imekwisha kutumika katika kukata springi ya gari, kuipasha moto, kuifua juu ya fuawe na kuipiga tupa. Sasa kisu kimechovywa, moshi umepungua, na fundi anakiinua kuelekea mwangani na kukitazama kwa jicho moja kuanzia msuka hadi ncha. Mara nyingi anachokiona humkatisha tamaa: kisu ni kigumu kama alivyotaka, lakini kimepinda kidogo, labda milimita moja au mbili.

Hapo njia tatu hufuatwa. Wengine hukilaza kisu juu ya fuawe na kukipiga nyundo mgongoni mwa tao mpaka kikavunjika vipande viwili. Wengine hukirudisha motoni, wakakinyoosha kikiwa chekundu, kisha wakakichovya upya na kukitoa kimepinda tena. Wengine hukitupa katika rundo la vyuma chakavu na kusema kwamba chuma kile kilikuwa kikorofi. Njia hizi zina chanzo kimoja, nacho ni kutojua jambo lililotokea ndani ya chuma chenyewe.

Makala haya yanadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba kisu kilichopinda kidogo hunyooka bila taabu kubwa iwapo fundi atachagua wakati unaofaa badala ya kuongeza nguvu. La pili ni kwamba elimu ya jambo hili ni fizikia na kemia halisi, na kwa hiyo mahali pake ni katika shule ya sekondari, wala si katika karakana peke yake.

MATIKO NI NINI

Lugha ya Kiswahili ina neno moja fupi kwa jambo ambalo vitabu vya sayansi hulieleza kwa kurasa nyingi. Kisu chenye matiko hushika makali. Kisu kisicho na matiko hukunjika kinapokutana na mfupa. Wahunzi walilijua jambo hili kwa macho na mikono kabla hapajakuwa na hadubini. Hadubini ilipokuja, haikuwapinga bali iliwaeleza.

Chuma kinachofaa kwa kisu ni feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Springi bapa za malori, ambazo ndizo hupendwa na wahunzi wengi wa Afrika Mashariki, huwa na kaboni yapata sehemu 5 au 6 kwa kila sehemu 1,000 za uzito. Kiasi hicho ni kidogo sana, lakini ndicho kinachotenganisha kisu na msumari.

Feleji ikiwa baridi, atomi zake za chuma hujipanga kwa namna isiyo na nafasi ya kutosha kwa kaboni. Inapopashwa moto kupita nyuzi 727 za Selsiasi, mpangilio huo huanza kubadilika. Atomi hujipanga upya kwa namna ambayo kaboni huweza kupenya na kutulia kati yake. Hali hii ya moto huitwa austenaiti, kwa kumkumbuka mtaalamu wa madini wa Uingereza, William Chandler Roberts-Austen (1843–1902). Mwanafunzi anaweza kuitambua bila chombo chochote cha gharama: feleji iliyofikia hali hiyo haivutwi tena na sumaku.

Kisu kikiachwa kipoe polepole, kaboni hupata wasaa wa kujitenga, na feleji hurudi katika ulaini wake. Lakini kikichovywa ghafula katika mafuta, kaboni hunaswa kabla haijakimbia. Atomi za chuma hujaribu kurudi katika mpangilio wao wa baridi na kukuta kaboni imeziba njia. Matokeo yake ni mpangilio uliovutwa na kukazwa kila upande, nao ndio asili ya ugumu. Hali hii huitwa martensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens (1850–1914), aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuchunguza metali kwa hadubini.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba martensaiti huhitaji nafasi kubwa kuliko austenaiti iliyoizaa. Feleji inapogeuka kutoka hali ya moto kwenda hali ngumu, ujazo wake huongezeka kwa yapata asilimia 4. Kwa maneno mengine, kisu kilichomo katika mafuta hufanya mambo mawili yanayopingana: hunywea kwa sababu kinapoa, na papo hapo hutanuka kwa sababu kinageuka. Hapa ndipo kupinda kunapozaliwa.

HESABU YA MILIMITA MOJA

Hebu msomaji achukue kalamu. Kisu kina urefu wa milimita 200 na unene wa milimita 3, na kimepinda hata katikati yake pameinuka milimita 1 kutoka kwenye mstari ulionyoka. Kipande cha duara chenye urefu huo na kimo hicho kina nusukipenyo kinachopatikana kwa kugawanya mraba wa urefu kwa mara nane ya kimo. Mraba wa 200 ni 40,000; ukigawanywa kwa 8 jibu ni 5,000. Kisu hicho basi ni kipande cha duara kubwa lenye nusukipenyo cha mita 5.

Upande uliobinuka ni mrefu kuliko upande uliobonyea. Tofauti yao hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa unene na kugawanya kwa nusukipenyo: 200 mara 3, gawanya kwa 5,000, ni milimita 0.12. Tofauti ya milimita 0.12 kati ya upande mmoja na mwingine yatosha kukipinda kisu kwa milimita nzima.

Sasa tofauti hiyo ilinganishwe na utanukaji uliotajwa. Ujazo ukiongezeka kwa asilimia 4, urefu huongezeka kwa theluthi ya kiasi hicho, yaani asilimia 1.3 hivi. Katika kisu cha milimita 200 hizo ni milimita 2.6. Kwa hiyo, ikiwa upande mmoja wa kisu utapata utanukaji wake kamili na upande wa pili ukapungukiwa na sehemu moja tu kwa ishirini, kisu kitapinda milimita 1. Ajabu si kwamba visu hupinda. Ajabu ni kwamba viko vinavyotoka vimenyoka.

Hesabu hiyo pia huonyesha visababishi vya kupinda. Iwapo upande mmoja umepigwa tupa zaidi ya mwenzake, upande mwembamba hupoa kwanza. Iwapo kisu kiliingia katika mafuta kikiwa kimelala, upande wa chini hupoa kwanza. Iwapo fundi alikitikisa kutoka ubavu hadi ubavu badala ya kukisogeza kwa mwelekeo wa makali na mgongo, upande mmoja hukutana na mafuta mapya na mwingine hubaki nyuma. Na iwapo mikazo iliyoachwa na nyundo haikuondolewa kwa kupasha kisu moto na kukiacha kipoe hewani kabla ya matiko, mikazo hiyo hupata uhuru wake motoni na kukivuta kisu inakotaka.

Wafua panga wa Japani walilitumia jambo hili kwa manufaa. Walipaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na udongo mwepesi kwenye makali, kisha wakauchovya majini. Makali yalipoa upesi na kuwa martensaiti yenye kuhitaji nafasi. Mgongo ulipoa polepole na kubaki laini. Upanga ukajipinda na kupata tao lake mashuhuri. Nguvu inayomkera mhunzi wa kisu ndiyo hiyo hiyo inayompa mfua panga umbo analolitaka. Tofauti ni kwamba mmoja ameipangia kazi na mwingine imemshtukiza.

KWA NINI NYUNDO HUSHINDWA

Mtu aliyekishika kisu kilichopinda milimita 1 atasema kwamba hakihitaji nguvu nyingi. Kwani akikibana juu ya ubao kwa vidole hulala sawasawa. Ni kweli, lakini akiondoa vidole hurudi kilivyokuwa. Hapa fizikia ya darasani ina jibu kamili.

Thomas Young, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1829, amepewa heshima ya kipimo kinachoonyesha ukaidi wa kitu dhidi ya kuvutwa au kukunjwa. Kwa feleji kipimo hicho ni yapata nyutoni 200,000 kwa kila milimita ya mraba. Jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wazoefu ni kwamba matiko hayabadilishi kipimo hicho kwa kiasi cha maana. Kisu laini na kisu kigumu vyenye umbo moja, vikitundikwa uzito mdogo ule ule, hukunjika sawa. Vinachotofautiana ni mpaka wa kurudi. Kisu laini hufika mapema mahali ambapo hakirudi tena. Kisu kigumu huendelea kurudi, na kurudi, mpaka siku ya kuvunjika.

Katika mfano wa kisu kilichotajwa, kukilaza sawasawa huuweka uso wake chini ya mkazo wa nyutoni 60 tu kwa kila milimita ya mraba. Feleji yenye matiko huhitaji mkazo wa zaidi ya nyutoni 1,500 kabla ya kukubali umbo jipya. Ili kuufikia mkazo huo kwa kukikunja, kisu cha urefu na unene ule kingepaswa kukunjwa mpaka katikati yake pasogee yapata milimita 25. Hayupo mhunzi mwenye busara atakayekunja kisu ambacho hakijatulizwa kwa kiasi hicho na kutarajia kukiona kizima. Kwa hiyo nyundo inayopiga mgongo wa tao ina miisho miwili tu: ama kisu kirudi kilivyokuwa, ama kivunjike. Kikivunjika, kipande chake huweza kuruka kama risasi, na jicho la kijana likapotea kwa sababu ya milimita moja.

NYAKATI TATU ZA KUNYOOSHA

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Feleji nayo ina ubichi wake, na siri yote ya kunyoosha ni kuutambua.

Wakati wa kwanza huja na kupita upesi. Kisu kinapochovywa, martensaiti haitokei mara moja. Huanza tu kisu kinaposhuka hadi nyuzi 250 au 200 hivi, kwa kadiri ya kaboni iliyomo, na huendelea kuongezeka mpaka kisu kinapokaribia ubaridi wa kawaida. Kabla ya hapo kisu bado kina austenaiti nyingi, nayo ni laini. Fundi aliyejiandaa hukitoa kisu katika mafuta kikiwa kimeshuka karibu na kiwango hicho, hukitazama mara moja, na kikiwa kimepinda hukisukuma kwa mikono yenye glavu nene au hukibana kati ya mbao mbili zilizonyoka. Sekunde hizo chache zina thamani kuliko saa nzima ya kupiga nyundo. Kisu kikifikia kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu, wakati wa kwanza umekwisha na anayeendelea kusukuma atasikia mlio wa ufa.

Wakati wa pili ni wa kutuliza. Kisu kilichotoka katika mafuta ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo sharti kipashwe moto mdogo, yapata nyuzi 200, kwa muda wa saa moja au mbili. Kwa joto hilo atomi za kaboni hupata uwezo wa kusogea hatua fupi na kujikusanya katika chembe ndogo sana za kabaidi, na mikazo iliyonaswa ndani hulegea. Na feleji ambayo mikazo yake inalegea hukubali kufundishwa umbo.

Utaratibu wake ni huu. Kisu hutulizwa kwanza saa moja kikiwa huru, ili ule wepesi wa kuvunjika upungue. Kisha huwekwa juu ya pao nene la chuma lililonyoka, tao likitazama juu, na sarafu huwekwa chini yake kila mwisho wa sehemu iliyopinda. Kikamatio cha skrubu hukazwa taratibu katikati ya tao mpaka kisu kivuke mstari wa unyofu na kupinda kidogo upande wa pili. Kwa kupinda kwa milimita 1, kuanza na kuvuka kwa milimita 2 kunatosha. Vyote pamoja, pao, kikamatio na kisu, hurudishwa katika oveni kwa saa moja nyingine kwa joto lile lile, kisha huachwa vipoe kabla ya kufunguliwa. Ikiwa kisu bado kimepinda, sarafu huongezwa unene kidogo na kazi hurudiwa. Ikiwa kimevuka na kupinda upande wa pili, hugeuzwa.

Hapa muda hutenda kazi iliyoishinda nguvu. Mkazo wa nyutoni mia moja au mia mbili, ambao katika ubaridi usingeacha alama yoyote, huacha umbo la kudumu unapodumu saa nzima katika feleji yenye joto. Mwenye haraka ataongeza moto, naye ndiye atakayeharibu. Rangi itokeayo juu ya feleji iliyosuguliwa humwonya: manjano ya majani makavu huonekana karibu na nyuzi 220, hudhurungi karibu na 250, na buluu karibu na 300. Kisu cha jikoni kilichofikia buluu kimenyooka, lakini kimepoteza sehemu kubwa ya matiko yake. Hicho si kisu kilichotengenezwa, ni kisu kilichobembelezwa mpaka kikaacha kazi.

Wakati wa tatu ni baada ya kutuliza, kisu kikiwa baridi, nao ni wa kunyoosha kupinda kudogo kulikosalia. Hapa nyundo inaruhusiwa, lakini kwa namna ambayo ni kinyume cha mazoea. Kisu hulazwa juu ya fuawe, mgongo wa tao ukiwa chini, na upande uliobonyea ndio unaopigwa. Nyundo yenyewe sharti iwe ndogo na yenye ncha ngumu kuliko kisu, na mapigo yawe mepesi na mengi, yakifuatana kwa mstari mbali na makali. Kila pigo huacha kibonyeo kidogo, na chuma kilichokuwa mahali hapo husukumwa kando. Upande uliobonyea, ambao ulikuwa mfupi kwa milimita 0.12, hurefushwa nukta kwa nukta mpaka ulingane na mwenzake. Anayepiga mgongo wa tao anapigana na unyumbufu wa feleji. Anayepiga bonde lake anarekebisha urefu. Wa kwanza anashindana na kisu, wa pili amekwisha kukisoma.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wapo mafundi hodari watakaosema kwamba haya yote ni kuwatetea wazembe, kwa kuwa kisu cha fundi mzuri hakipindi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kinga ni bora kuliko tiba: kisu kipashwe moto na kupozwa hewani mara mbili au tatu kabla ya matiko, pande zake zipigwe tupa kwa ulinganifu, makali yaachwe na unene wa milimita moja hivi mpaka baada ya matiko, kisu kiingie katika mafuta kikiwa wima. Mafuta nayo yapashwe joto hadi nyuzi 50 au 60. Wengi hudhani mafuta baridi hupoza upesi zaidi, kumbe mafuta yenye uvuguvugu ni mepesi, hutembea vizuri kuzunguka kisu, na huondoa joto kwa kasi na kwa usawa.

Hata hivyo, hesabu iliyotangulia imeonyesha jinsi kosa dogo linavyotosha. Fundi asiyepata kisu kilichopinda ni fundi asiyetengeneza visu vingi. Ustadi haupimwi kwa kutokosea kamwe, bali pia kwa kujua la kufanya kosa linapotokea.

Wengine watasema kwamba ni afadhali kukirudisha kisu motoni na kuanza upya. Mara moja moja ndiyo njia ya haki, hasa ikiwa kisu kimejisokota vibaya. Lakini kila safari ya motoni huchoma kaboni kidogo katika uso wa kisu, na moto ukizidi hukuza fuwele za feleji na kukidhoofisha. Aidha hula mkaa, na mkaa ni miti. Kisu chenye ufa ndicho peke yake kisicho na dawa. Hicho kitupwe bila majuto, kwa kuwa ufa haurudi nyuma.

NAFASI YA SHULE

Suala la mwisho ndilo zito kuliko yote. Inawezekana kabisa leo mwanafunzi wa sekondari akaandika fomula ya Young bila kukosea herufi, na asijue kwamba inaeleza kwa nini kisu cha mjomba wake kilivunjika juu ya fuawe. Na inawezekana mjomba huyo akawa na ujuzi wa miaka thelathini katika mikono yake, na asiwe na neno la kumwambia mpwa wake kwa nini anafanya anavyofanya. Mmoja ana maelezo bila kitu, mwingine ana kitu bila maelezo. Taifa linalowaacha watu hawa wawili wapitane njiani bila kuongea linapoteza elimu mbili kwa mpigo.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mababu wa Wahaya, magharibi ya ziwa Viktoria, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kupata feleji yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wameendelea kujadiliana juu ya namna matanuri hayo yalivyofanya kazi, lakini jambo moja halina ubishi: elimu ya chuma si mgeni katika nchi hizi. Iliyo ngeni ni fikra kwamba kazi ya fuawe ni ya wale walioshindwa darasani.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulilaumu utengano wa kichwa na mkono. Sera ya Elimu ya Tanzania, toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari sambamba na mkondo wa jumla. Hatua hiyo ni njema, lakini ina hatari yake. Iwapo mwanafunzi wa amali atafundishwa kubana kisu kwa kikamatio bila kuambiwa habari za kaboni, na mwanafunzi wa jumla akafundishwa habari za kaboni bila kugusa kisu, utengano utakuwa umepewa tu majina mapya. Kisu kilichopinda ni mahali pazuri pa mikondo hii miwili kukutana.

Walimu watauliza vifaa vitatoka wapi. Jaribio la kwanza halihitaji tanuri. Sindano tatu kubwa za kushonea, koleo dogo, taa ya spiriti au ya gesi, na kopo la maji vinatosha. Sindano ya kwanza ipashwe moto mpaka iwe nyekundu na kupozwa polepole juu ya mwali: itakunjika kama waya. Ya pili ipashwe hivyo hivyo na kutumbukizwa ghafula majini: ikikunjwa ndani ya kitambaa itakatika. Ya tatu ifanyiwe kama ya pili, isuguliwe mpaka ing'ae, kisha ipashwe taratibu mpaka rangi ya buluu: itakunjika kidogo na kurudi. Kwa dakika arobaini wanafunzi watakuwa wameona ulaini, ugumu na utulivu wa chuma kile kile. Katika kipindi cha hisabati wapewe hesabu ya milimita 0.12. Na katika kipindi cha tatu mhunzi wa jirani aalikwe, aulizwe maswali, na asikilizwe kwa heshima anayostahili mwalimu.

Tahadhari zisipuuzwe. Macho yafunikwe kwa miwani ya kazi kila wakati wa kukunja kitu kigumu. Mafuta ya kuchovyea yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na paa la makuti, na mchanga uwe karibu. Mafuta machafu ya injini, ambayo hupendwa kwa sababu ni ya bure, yaepukwe, kwani moshi wake una sumu. Mafuta ya kupikia hufanya kazi hiyo vizuri.

Yatasemwa kwamba kisu ni kitu kidogo mno kubeba mzigo wa elimu kiasi hiki. Lakini jembe, panga, patasi, springi ya gari na ekseli ya trekta vyote hutiiwa na kuasiwa na sheria zile zile za kaboni na joto. Kijana aliyejifunza kukinyoosha kisu kwa kungoja wakati wake, akijua ni nini anachokingoja, amejifunza kuitazama kila metali kwa jicho jipya. Hatasema tena kwamba chuma ni kikorofi. Atauliza ni upande gani uliopoa kwanza, kisha atatafuta sarafu mbili na kikamatio.